Kipi Bora Kati ya Vilivyo Bora?

Agosti 2000, katika maonyesho ya Space World nchini Japani, kampuni ya Nintendo iliwaonyesha watazamaji kipande kifupi cha video. Link, shujaa wa mfululizo wa michezo ya video wa The Legend of Zelda, alikuwa akipambana kwa upanga na hasimu wake Ganondorf. Walikuwa watu wazima wenye sura za kweli, na mashabiki walirudi makwao wakiamini wameuona mchezo ujao. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho hayo hayo, wakaonyeshwa kitu kingine kabisa: Link mtoto, mwenye kichwa kikubwa na macho ya mviringo, amechorwa kama katuni. Hasira zikawaka. Wengi waliona wamechezewa shere, na mchezo ukaitwa wa kitoto kabla hata haujaingia dukani.

Mchezo huo, The Wind Waker, ulitoka Japani Desemba 2002. Leo si ajabu kuukuta kwenye nafasi za juu za orodha za mashabiki, na michoro ile iliyotukanwa ndiyo inayosifiwa kwamba haizeeki. Ndani ya diski ile hakuna kilichobadilika. Waliobadilika ni watu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila anayezipanga Zelda zake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho huligusa, ajue asijue: anaposema mchezo huu ni bora kuliko ule, anausema mchezo au anajisema mwenyewe?

Wapo wanaolimaliza swali hili upesi: kila mtu na ladha yake. Jibu hilo lina ukarimu, lakini haliendani na namna watu wanavyozungumza. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alitenga mambo mawili. Mtu akisema kinywaji fulani kinampendeza, hamdai mwenzake akubali. Akitakiwa aongeze kwamba kinampendeza yeye, ataongeza bila tabu. Akisema kitu ni kizuri, anadai zaidi ya hapo. Anatarajia wengine nao wakione hivyo, na wasipokiona anahisi kuna jambo limewapita. Mashabiki wa Zelda hubishana kwa namna hiyo ya pili. Wanakesha wakitetea Ocarina of Time au Majora's Mask kwa sababu wanaamini kuna kitu ndani ya mchezo ambacho mwenzao anaweza kuonyeshwa akakiona.

Na kweli kipo. Mwaka 1993 mashine ya CD-i ya kampuni ya Philips ilipata michezo miwili yenye wahusika wa Zelda, Link: The Faces of Evil na Zelda: The Wand of Gamelon, ambayo haikutengenezwa na Nintendo. Uendeshaji wake ni mzito, na mandhari yake yamechorwa kiasi kwamba mchezaji hajui pa kukanyaga ni wapi na pambo tu ni lipi. Anakufa bila kuelewa kosa lake. Mtu akidai kwamba The Wand of Gamelon unalingana na A Link to the Past wa mwaka 1991, watu hawatasema ana ladha yake. Watamuuliza kama ameicheza yote miwili. Bora na duni vipo, na haviishii moyoni mwa mtu.

Ugumu unaanza pale vilivyo bora vinapowekwa mbele ya vilivyo bora. Mfululizo huu ulianza tarehe 21 Februari 1986, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walipotoa mchezo wa kwanza kwa mashine ya Famicom. Miyamoto alikulia Sonobe, mji mdogo karibu na Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyozurura vilimani na kuingia mapangoni utotoni. Alitaka mchezaji naye aionje ile hofu yenye raha ya kuingia asipopajua. Tangu hapo imetoka michezo mikuu 20 hivi. Majina hurudi: Link, binti mfalme Zelda, hasimu Ganon au Ganondorf, nchi ya Hyrule, na Triforce, zile pembetatu tatu za nguvu, hekima na ujasiri. Lakini karibu kila mara waundaji waligeuza jambo lililokuwa uti wa mgongo wa mchezo uliotangulia. Ule wa kwanza ulitazamwa kutoka juu. Wa pili, wa mwaka 1987, ukatazamwa kutoka ubavuni. Ocarina of Time wa mwaka 1998 ulimwingiza Link kwenye dunia yenye kina, ambamo mchezaji anazunguka nyuma ya mti na kumkuta adui upande wa pili. The Wind Waker uliifunika Hyrule kwa bahari. Breath of the Wild wa mwaka 2017 uliifungua nchi nzima na kumwacha mchezaji aende atakako. Anayeipanga michezo hii anapanga watoto wa ukoo mmoja ambao kila mmoja ameshika kazi yake.

Watu wa leo wakikwama kwenye ubora hukimbilia namba. Gazeti la Famitsu la Japani huwapa wahakiki wanne mchezo mmoja, kila mmoja atoe alama hadi 10. Ocarina of Time ulikuwa mchezo wa kwanza katika historia ya gazeti hilo kupata 40 kwa 40, ikaonekana kama ngazi imefika mwisho. Kisha The Wind Waker nao ukapata 40. Skyward Sword wa mwaka 2011 ukapata 40, na Breath of the Wild ukapata 40. Skyward Sword ni mchezo ambao mashabiki wengi huuweka chini, wakilalamika kwamba walilazimishwa kupunga rimoti hewani badala ya upanga na kurudishwa kwenye nchi zile zile mara kadhaa. Kipimo kinachoupa mchezo huo alama sawa na Breath of the Wild hakina msaada kwa anayetaka kuipanga miwili hiyo.

Tovuti ya Metacritic inayokusanya alama za wahakiki inaonekana kuwa na jibu kali zaidi: Ocarina of Time 99, Breath of the Wild 97. Lakini ile 99 imetokana na tahakiki ishirini na kitu, za wakati ambapo safari ya namna ile katika dunia yenye kina ilikuwa kitu kipya machoni. Tovuti yenyewe ilianzishwa mwaka 2001, mchezo ukiwa umeshatoka. Ile 97 imetokana na tahakiki zaidi ya 100, zilizoandikwa miaka 19 baadaye, pengine nyingi na watu waliokulia kwenye Ocarina. Msimamo wa ligi ya mpira una maana kwa sababu timu zote zimecheza mchezo mmoja kwa sheria moja, na zimekutana uwanjani. Ocarina of Time na Breath of the Wild haijawahi kukutana popote isipokuwa kichwani mwa mtu.

Basi pengine ni kazi ya kumtafuta mtu mwenye kichwa kinachofaa. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata David Hume mwaka 1757 katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha. Hume alikubali kwamba uzuri unahisiwa na watu, lakini akakataa kwamba kila hisia ina uzito sawa. Hakimu wa kweli, kwake, ana hisi makini, amezoea sanaa anayoihukumu, amelinganisha kazi nyingi, na amejivua chuki na upendeleo. Kazi njema hujulikana kwa kudumu: inapita enzi na mitindo, watu wakiendelea kuithamini. Kisa cha The Wind Waker kinamuunga mkono. Waliokasirika mwaka 2001 walikuwa hawauhukumu mchezo; walikuwa wanaiomboleza ile video ya mwaka uliotangulia. Chuki ilipopoa, mchezo ukaonekana. John Stuart Mill naye aliandika karne iliyofuata kwamba kati ya raha mbili, iliyo ya juu ni ile inayochaguliwa na wanaozijua zote mbili. Kwa kanuni hiyo mwenye haki ya kupanga Zelda ni aliyezicheza zote, tena kwa utulivu.

Kanuni ni nzuri, na inasafisha mengi. Inawaondoa wanaohukumu kwa picha za matangazo, na inaipeleka michezo ya CD-i mahali pake. Hata hivyo Hume mwenyewe alikiri kwamba mahakimu wazuri watatofautiana kwa mambo mawili yasiyo na lawama: tabia ya mtu, na desturi za zama na nchi yake. Kati ya waandishi wa Roma ya kale, alisema, kijana wa miaka 20 huenda akampenda Ovid. Mtu wa miaka 40 akampenda Horace. Na wa miaka 50 labda Tacitus.

Katika Ocarina of Time jambo hili linaonekana wazi kuliko popote. Link mtoto anaingia kwenye Hekalu la Wakati, anauchomoa upanga kutoka kwenye jiwe, na anazinduka miaka saba baadaye akiwa kijana mkubwa. Akitoka nje anaukuta ule mji wa soko uliokuwa na wacheza ngoma na mbwa wakikimbia huku na huko umekufa. Zimesimama humo maiti hai tu, zinazompooza mtu kwa kumtazama. Aliyeyaona hayo mwaka 1998 akiwa na miaka 10, akielekea utu uzima yeye mwenyewe, aliambiwa jambo kuhusu wakati ambalo hakuwahi kuambiwa. Anayekutana na mchezo huo akiwa na miaka 30, baada ya kumaliza Tears of the Kingdom wa mwaka 2023, anaona uwanda mdogo wenye vitu vichache na kamera isiyotii. Wote wawili ni waaminifu kwa walichokiona. Mill anataka hakimu aijue raha ya kila upande. Inawezekana kucheza yote miwili, ila haiwezekani kuanza na yote miwili.

Hapa mtu mwenye busara anaweza kusema: basi ile ya juu iko sare, tuipe nafasi moja, tulale. Ni suluhisho la upole, na wanafalsafa wamelipima wakaliona lina kasoro. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa Zelda ya kwanza, Joseph Raz alichapisha The Morality of Freedom, kitabu kilichodai kwamba mambo mengi yenye thamani hayana kipimo cha pamoja. Baadaye Ruth Chang aliichukua hoja ya aina hiyo na kuifikisha mbali zaidi. Kiini cha hoja ni jaribio dogo, na Nintendo, bila kukusudia, imelifanya mbele ya watu wote.

Chukua mtu aliyecheza Majora's Mask na The Wind Waker, akafikiri sana, akashindwa kusema upi bora. Anasema ni sare. Sasa mwaka 2013 The Wind Waker ukatolewa upya kwa mashine ya Wii U, na kati ya vilivyorekebishwa ni sehemu iliyochosha wengi kuliko zote: msako wa vipande vinane vya Triforce kuelekea mwisho. Katika toleo la kwanza kila kipande kilikuwa na ramani yake. Ramani ikishapatikana ilipelekwa kwa Tingle, mtu anayeisoma kwa malipo makubwa, na ndipo mchezaji akasafiri kwenda kukivua kipande baharini. Toleo jipya liliondoa ramani kwa vipande vitano kati ya vinane, likaongeza na tanga linaloikimbiza mashua. Hakuna ubishi hapo: kwa msako ule toleo jipya ni bora, na mengine karibu yote yamebaki yalivyokuwa.

Kama sare ile ilikuwa sare kweli, basi toleo jipya lingepaswa papo hapo kuupita Majora's Mask. Kinachozidi mojawapo ya vilivyo sawa huzidi na kingine. Lakini muulize mtu yule. Atafurahia tanga jipya, na bado hataweza kuchagua. Kwa hiyo hapakuwa na sare. Michezo ile miwili haikuwa mmoja juu na mwingine chini, wala haikuwa sawa. Chang anasema upo uhusiano wa nne: vitu viwili kuwa vya hadhi moja bila kuwa sawa, kila kimoja kikiwa na ubora wa namna yake, na nyongeza ndogo upande mmoja isitoshe kuamua shauri. Orodha yenye nafasi ya 1, ya 2 na ya 3 haina mahali pa kuuandika uhusiano huo.

Ili kuona ubora huo wa namna mbalimbali, inafaa kusogea karibu. Majora's Mask, uliotoka mwaka 2000 chini ya Eiji Aonuma na Yoshiaki Koizumi, una siku tatu tu. Mwezi wenye uso wa kutisha unashuka juu ya mji, na siku ya tatu ikiisha utaanguka na kuua kila mtu. Mchezaji anaweza kupuliza filimbi yake na kuirudisha siku ya kwanza, lakini akifanya hivyo watu wote wanasahau. Katika nyumba ya wageni ya mji huo kuna msichana anayeitwa Anju, ambaye mchumba wake, Kafei, ametoweka kabla ya harusi. Ukweli ni kwamba Kafei amegeuzwa mtoto kwa uchawi, kisha mwizi akaiba barakoa ya arusi yao, na anaona aibu kurudi bila hiyo. Mchezaji anayetaka kuwasaidia lazima abebe barua kwa saa maalumu, amfikishie Anju kidani, aende na Kafei kwenye maficho ya mwizi usiku wa mwisho, kisha arudi kukaa chumbani na Anju huku ardhi ikitetemeka. Kafei anafika muda umekaribia kwisha. Wanabadilishana barakoa, wanafunga ahadi yao, na wanamwambia mchezaji akimbie, wao watabaki. Kisha mchezaji, ili aokoke na kuendelea, anapuliza filimbi. Anju anarudi kusubiri mezani, hajui kitu.

Kuna michezo michache inayomweka mtu mbele ya swali zito namna hiyo: wema ambao hakuna atakayeukumbuka, ulitendeka au haukutendeka?

Breath of the Wild, ulioongozwa na Hidemaro Fujibayashi, hauna cha kulinganisha na hicho, na hauhitaji kuwa nacho. Wenyewe unatoa kitu kingine. Link anaamka pangoni, anatoka kwenye mwanga, na nchi nzima imetandazwa mbele yake. Akishapata tiara ya kuelea angani anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kasri kupigana na Ganon, akiwa na fimbo na suruali chakavu, na hakuna atakayemzuia isipokuwa uwezo wake. Mvua ikinyesha, miamba inateleza na kupanda kunakuwa taabu. Radi ikikaribia, chuma alichobeba kinaanza kutoa cheche. Mwenye akili anakivua haraka, na mwenye akili zaidi anakitupia adui miguuni asubiri radi ifanye kazi. Mchezo haukumfundisha hilo. Ameligundua kwa kuwaza jinsi dunia inavyofanya kazi. Atakayeulizwa kati ya saa ile chumbani na Anju na alasiri hii ya radi ipi ni kubwa zaidi, ameulizwa swali lililokosa nusu: kubwa kwa upande upi?

Wakati mwingine hata kasoro haijulikani kuwa ni kasoro mpaka lengo lisemwe. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo mtu angeweza kuviepuka. Katika Breath of the Wild silaha huvunjika baada ya mapigo kadhaa. Kwa anayetaka kujilimbikizia nguvu, hiyo ni kero isiyo na sababu. Kwa anayetaka kulazimika kubuni, hicho ndicho kikwazo kinachofanya mapambano yasifanane. Wote wanautazama upanga ule ule ukivunjika. Wanachotofautiana ni kitu wanachokitaka kutoka kwenye mchezo, na hakuna alama ya wahakiki inayoweza kuwaamulia wakitake kipi.

Wengine hutaka kura imalize ubishi. Desemba 2021 kituo cha televisheni cha TV Asahi cha Japani kilitangaza matokeo ya kura ya watu zaidi ya 50,000 kuhusu michezo ya video ya enzi zote, na Breath of the Wild ukashika nafasi ya kwanza. Kura inaeleza kwa ukweli kinachopendwa na wengi kwa wakati fulani. Lakini mwaka 1785 Mfaransa Condorcet alionyesha kwamba kura za watu wenye msimamo zinaweza kuzaa jibu lisilo na msimamo. Marafiki watatu wanatosha kulionyesha. Wa kwanza anaupenda Ocarina, kisha Majora, kisha Breath of the Wild. Wa pili anaanza na Majora, kisha Breath of the Wild, kisha Ocarina. Wa tatu anaanza na Breath of the Wild, kisha Ocarina, kisha Majora. Wakipiga kura mbili mbili, Ocarina unaushinda Majora kwa kura mbili kwa moja, Majora unaushinda Breath of the Wild, na Breath of the Wild unaushinda Ocarina. Kila mmoja ana orodha safi. Kwa pamoja hawana. Mwaka 1951 mwanauchumi Kenneth Arrow alithibitisha kwamba, machaguo yakiwa matatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya watu inayotimiza kwa pamoja masharti machache ya haki ambayo kila mtu angeyataka.

Swali la kupanga vilivyo bora limewahi kuulizwa kuhusu jambo tukufu lisilolinganishwa na mchezo wowote, na linatajwa hapa kwa ajili ya njia ya hoja tu. Wanazuoni wa Kiislamu walijiuliza kama inafaa kusema sehemu moja ya Qurani ni bora kuliko nyingine, ilhali yote ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Abu al-Hasan al-Ash'ari na Abu Bakr al-Baqillani walikuwa miongoni mwa waliokataa, kwa kuwa kusema hii ni bora kunaashiria kwamba ile ina upungufu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikubali ubora huo katika kitabu chake Jawahir al-Qur'an, na namna alivyoukubali ina mafunzo. Alimtaka msomaji aangalie tofauti iliyopo kati ya Aya ya Kursi na aya ya madeni, kati ya Suratul Ikhlas na Surat Tabbat. Na alipoieleza hadithi inayosema Suratul Ikhlas inalingana na theluthi ya Qurani, alitaja kwanza makusudio makuu matatu, yaani kumjua Mungu, kuijua Akhera na kuijua njia iliyonyooka, ndipo akasema sura hiyo imebeba la kwanza.

Pande zote mbili zililinda kitu cha kweli. Wale wa kwanza waliona hatari ya mpangilio kuishusha hadhi ya kilichowekwa nyuma. Al-Ghazali aliona kwamba akili haiwezi kujifanya haioni tofauti, lakini hakupanga kitu kabla ya kutaja kipimo na sababu yake. Adabu hiyo ya fikra inahitajika popote watu wanapopanga vitu wanavyovipenda, hata vikiwa vidogo kiasi cha kuingia kwenye mashine ya mkononi.

Bila adabu hiyo orodha inaanza kumtawala aliyeiandika. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen, mwandishi wa kitabu Games: Agency as Art cha mwaka 2020, ameonya kuhusu namna thamani pana za mtu zinavyotekwa na namba nyepesi: aliyeanza kwa kutaka kujifunza anaishia kutaka alama, na aliyeanza kwa kutaka afya anaishia kuhesabu hatua. Mpenzi wa Zelda anaweza kufikwa na hayo. Anaucheza mchezo mpya huku akiutafutia nafasi kwenye orodha, na Koholint, kisiwa cha Link's Awakening wa mwaka 1993, kinampita hivi hivi. Mchezo huo ulitengenezwa kwa Game Boy, kwenye kioo kidogo kisicho na rangi. Kwa kipimo cha ukubwa hauna pa kukaa. Lakini ndani yake Link anagundua, kwenye mchoro wa hekalu, kwamba kisiwa na watu wake ni ndoto ya samaki mkubwa aliyelala, na kwamba ili atoke lazima amwamshe. Kila hatua ya ushindi inamsogeza Marin, msichana aliyemwokota ufukweni, karibu na kutoweka. Mchezaji anayeuliza tu kama hii ni ya tano au ya sita hajapata nafasi ya kuuliza kama ana haki ya kushinda.

Hata hivyo kuacha kupanga kabisa si dawa. Anayekataa kusema lipi bora mara nyingi anakwepa kazi ya kutazama. Chang ana neno zuri kwa hali hizi: pale sababu zilizopo zinapokwisha bila kuamua, mtu anaweza kujifunga mwenyewe upande mmoja, na kwa kujifunga huko anajiumba kuwa mtu wa namna fulani. Anayeuweka Majora's Mask juu, akiwa anaijua vizuri hoja ya Breath of the Wild, hajagundua ukweli uliofichwa kwa wengine, wala hajapiga ramli. Amechagua kuwa mtu anayeupima mchezo kwa uzito wa huruma unaomwachia mchezaji. Mwenzake amechagua kuwa mtu anayeupima kwa uhuru. Wakisema hivyo wazi, wana la kujadili kwa muda mrefu, na kila mmoja anaweza kurudi kwenye mchezo wa mwenzake na kuona ambacho hakukiona mwanzoni.

Septemba 2024 ulitoka Echoes of Wisdom, ambao mmoja wa waongozaji wake ni Tomomi Sano, mwanamke wa kwanza kuongoza mchezo wa mfululizo huu. Kwa mara ya kwanza katika michezo mikuu Zelda mwenyewe ndiye shujaa. Link anamezwa na ufa mwanzoni kabisa, na binti mfalme anabaki na fimbo inayonakili vitu: anapanga vitanda kuwa daraja, anaita mazimwi yampiganie, anarundika masanduku ya maji ili apande ukuta. Upanga anaushika kwa muda mfupi tu, na ukiisha anarudi kwenye kufikiri. Mwenye kuamini kwamba Zelda ni mapambano ya upanga atauweka mbali chini. Mwenye kukumbuka kwamba Triforce ina hekima kando ya nguvu na ujasiri, na kwamba hekima ilikaa karibu miaka 40 ikisubiri kuokolewa, atakuwa na sababu ya kuupandisha juu sana. Nafasi yoyote atakayoupa, mwenzake ana haki ya kumuuliza ameupima kwa kipi, na yeye ana wajibu wa kuwa na jibu.